Kiingereza Chenye Tarehe ya Mwisho

Mwishoni mwa 2021, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alitangaza habari iliyowapa Wakenya kicheko cha wiki nzima. Julai mwaka huo Kenya na Uingereza zilikuwa zimetia saini mkataba wa kupeleka wauguzi wetu kufanya kazi huko. Wauguzi 300 wakafanya mtihani wa Kiingereza. Waliopita walikuwa 10.

Mitandao ikawaka moto. Ati mtu amesoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, amefanya KCSE kwa Kiingereza, amefunzwa mishipa na dawa kwa Kiingereza, anajaza faili za wagonjwa kwa Kiingereza kila siku, halafu anaanguka Kiingereza? Mimi sikucheka sana. Natoka Gusii, na kwetu uuguzi ni njia inayojulikana ya kutoka. KMTC ina kampasi Kisii na nyingine Nyamira, na ukienda mazishi huko nyumbani hukosi kusikia rambirambi zikisomwa kutoka kwa watoto walio Minnesota. Swali langu lilikuwa tofauti. Hiki Kiingereza tulichoanguka, tuliambiwa lini kwamba ni chetu? Na nani alituambia?

Jibu linaanzia Nyabururu, karibu na mji wa Kisii. Wamisionari Wakatoliki wa Mill Hill walifika hapo 1911, na Waadventista nao wakajenga Nyanchwa, ng'ambo ya mji. Kumbuka mambo yalivyokuwa. Mwaka wa 1905 Waingereza walikuwa wameleta jeshi kuwaadhibu Abagusii. Mwaka wa 1908 Otenyo alimchoma mkuki Northcote, ofisa wao, na jeshi likarudi, vijiji vikachomwa na mifugo ikachukuliwa. Walimu wa kwanza walikuja watu wakiwa bado wanahesabu hasara. Septemba 1914, vita vya Wazungu vilipofika Kisii na Wajerumani wakaingia mjini kwa muda mfupi, watu walivamia ofisi za serikali na misheni, wakapora. Ukitaka kujua jamii ilikuwa na maoni gani kuhusu shule mwanzoni, hayo ndiyo maoni.

Na lugha ya kitabu, kwa wengi wa wale wa kwanza, haikuwa Kiingereza wala Ekegusii. Wamisionari waliingia kutoka upande wa ziwa. Waadventista walikuwa wameanzia Gendia, 1906, na walipopanda milima ya Gusii walikuja na vitabu vya Dholuo. Kwa miaka mingi Mgusii aliyetaka kusoma au kubatizwa alipitia kwanza lugha ya jirani. Watu walilalamika, na baadaye Ekegusii kikapata vitabu vyake. Lakini hebu hesabu: nyumbani Ekegusii, kanisani Dholuo, kwa askari na mwenye duka Kiswahili, na Kiingereza mbali kule juu, kwa wachache waliofika.

Kufika kwenyewe kulikuwa na vizuizi. Baada ya ripoti ya Kamati ya Beecher ya 1949, mtoto wa Kiafrika alichujwa kwa mtihani baada ya miaka 4 ya shule, halafu akakutana na KAPE baada ya miaka 8. Wengi waliachwa kwenye mchujo wa kwanza. Aliyepita vyote akaingia shule kama ile ya serikali pale Kisii alikuwa mtu wa kuoneshwa wageni. Kwa hivyo tangu mwanzo, kazi ya Kiingereza kwetu ilikuwa kupanga foleni: huyu mbele, yule nyuma. Kumfundisha mtu kuzungumza na dunia kulikuja baadaye, na mara nyingi hakukuja.

Sasa tuvuke bahari kidogo, kwa sababu huko nako kulikuwa na kitu kinaanza. Mwaka wa 1941 Chuo Kikuu cha Michigan kilifungua taasisi ya Kiingereza chini ya Charles Fries. Wanafunzi wake wa kwanza walitoka Amerika ya Kusini, na wazo lilikuwa jipya: mgeni mwenye akili zake timamu na elimu yake apewe kozi ya kutwa ya Kiingereza, arudie miundo ya sentensi kwa mdomo mpaka iingie, kisha aende kusoma digrii yake. Hapo ndipo zilipozaliwa kozi za kunoa Kiingereza ambazo leo zimejaa katika vyuo vikuu vya Marekani. Msingi wake ulikuwa kwamba huyu mtu hajui lugha hii kwa sababu ana lugha nyingine, na hakuna aibu katika hilo.

Wakenya walipoanza kwenda Marekani kwa wingi, hawakupitia mlango huo. Septemba 1959 ndege ya kwanza iliyopangwa na Tom Mboya na wenzake iliondoka Nairobi na wanafunzi 81. Kufikia 1963 wanafunzi karibu 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamevuka kwa mpango huo. Walikuwa wameandika barua kwa vyuo wenyewe, kwa mkono, wakijieleza. Maofisa wa kikoloni walisema ati hawana sifa na vyuo wanavyoendea ni vya hali ya chini. Lakini mtihani wa TOEFL haukuwepo. Ulianza kutolewa 1964. Barua yako ndiyo iliyokuwa mtihani wako. Zachary Onyonka, mtoto wa Kisii wa kizazi hicho, alisomea Inter American University huko Puerto Rico, kisiwa ambacho watu wake huongea Kihispania, kisha akaenda Syracuse, New York. Akarudi na shahada ya uzamifu ya uchumi, akawa mbunge 1969, na waziri.

Wengine walielekea upande wa pili. Oginga Odinga alisaidia vijana kwenda nchi za Kikomunisti, na 1960 Moscow ilifungua chuo kikuu ambacho baadaye kilipewa jina la Patrice Lumumba. Huko mwanafunzi alitumia mwaka mzima akifunzwa Kirusi kabla ya kugusa udaktari au uhandisi. Hakuna aliyejidai kwamba Mkenya anajua Kirusi. Linganisha na yule wa Marekani, aliyeshuka kwenye ndege akapelekwa moja kwa moja darasani, kwa sababu Waingereza walikuwa wametuachia lugha na kila mtu alichukulia kwamba imeingia.

Nyumbani nako wazo hilo lilikuwa linageuka kuwa sera. Mwaka wa 1957 serikali ya kikoloni ilifungua kituo maalum Nairobi cha kutayarisha masomo ya Kiingereza kuanzia darasa la kwanza. Walianza na watoto wa Kihindi mjini, halafu mpango ukaenea haraka kwenye shule za Waafrika miaka ya 1960. Tume ya Ominde, mwaka wa 1964, iliunga mkono. Siwalaumu ovyo. Nchi ilikuwa changa, makabila mengi, na wazazi wenyewe walitaka: waliona nani anapata kazi ya ofisi na nani anabaki na jembe. Lakini mtoto wa Nairobi aliyesikia Kiingereza redioni na dukani si sawa na mtoto wa Nyamira ambaye alikisikia kwa mwalimu peke yake, na mwalimu mwenyewe alikisoma miaka michache tu. Mwaka wa 1976 ripoti ya Gachathi ilirudisha lugha ya mama kwa miaka mitatu ya kwanza. Kwenye karatasi, sera hiyo haijawahi kufa. Kwenye shule, sote tunajua kilichotokea.

Kilichotokea ni diski. Kizazi changu kinaikumbuka: kibao kilichotobolewa, kikafungwa kamba, ukivishwa shingoni ukisikika ukiongea Ekegusii. Ulikaa nacho mpaka umsikie mwenzako naye akiteleza, umpe. Jioni aliyebaki nacho alikiona cha moto, na alitakiwa kuwataja wote waliokivaa kabla yake. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika habari za adhabu ya aina hii katika Decolonising the Mind, 1986, akiikumbuka Limuru ya miaka ya 1950. Sisi tuliikuta bado ipo, imeshapewa uhuru wake.

Angalia vizuri kile diski ilichofundisha. Haikufundisha Kiingereza hata neno moja. Ilifundisha kunyamaza, na ilifundisha kusikiliza wenzako ili uwashtaki. Mtoto aliyeogopa kukosea alijifunza kusema sentensi tano ambazo ana uhakika nazo. Mtihani wa kimataifa sasa unamweka mtu huyo mbele ya maikrofoni, unampa mada asiyoijua, sekunde chache za kujiandaa, na kumwambia: ongea. Wale 290 walikuwa wanaendelea kuwa wanafunzi wazuri wa shule zetu.

Binamu yangu alipitia hayo kwa njia ndefu. Chuo kikuu kimoja cha katikati ya Marekani kilimkubali kwa sharti: aanze na kozi ya kunoa Kiingereza. Sheria ya visa ya wanafunzi huko inataka angalau saa 18 za darasa kwa wiki, na kwa kawaida saa hizo hazihesabiwi kwenye digrii. Unalipa kwa dola, kusoma, kuandika, kusikiliza, kuongea, kutoka ngazi moja hadi nyingine. Alikaa na Wasaudi, Wachina na Wabrazili. Mwanzoni alikasirika sana. Nyumbani yeye ndiye aliyekuwa akisoma barua za ukoo mzima, ati sasa anafunzwa wakati uliopita na watu waliojifunza alfabeti hii wakiwa vijana wakubwa?

Halafu akaniambia jambo ambalo sijalisahau. Wiki ya kwanza mwalimu aliuliza kila mtu lugha yake ya kwanza. Yeye, bila kufikiri, akasema Kiingereza. Mwalimu akauliza tena, kwa upole: nyumbani kwa nyanya yako? Aliposema Ekegusii, mwalimu akaandika, kisha akauliza kina sauti gani. Miaka yote hiyo darasani, lugha yake ilikuwa kosa la kuandikwa kwenye orodha ya wahalifu. Hapa ilikuwa habari anayoihitaji mwalimu ili afanye kazi yake.

Na ni habari kweli. Ekegusii hakina sauti ya L. Nairobi lafudhi yetu imelisha wachekeshaji wengi, lakini weka maneno pamoja uone. Kiswahili kinasema kulala, Ekegusii korara. Kula ni koria, kulima ni korema. Kila palipo na L kule, R inasimama hapa, kwa mpangilio, bila fujo. Neno la Kiingereza la shule lilipoingia Gusii likawa esukuru, likapewa R yake kama wenyeji wengine. Halafu Ekegusii kina vokali 7, wakati Kiswahili kina 5. Mtoto wa Kisii anaingia darasa la kwanza na vokali mbili zaidi ya zile za Kiswahili, mtaji wa bure kwa Kiingereza chenye vokali karibu 20. Mwalimu anayejua hayo anajua pa kukaza na pa kuacha. Sisi walimu wetu walipewa kamba na kibao.

Sitaki kuipaka rangi ile kozi. Ni biashara, na mlango bado ni mlango. Uingereza ina orodha ya nchi ambazo watu wake huchukuliwa kwamba wanajua Kiingereza: Jamaica imo, Malta imo, Kenya haimo, hata kama Katiba yetu ya 2010 inasema Kiingereza ni lugha rasmi. Na alama za TOEFL na IELTS hukubalika kwa miaka 2 tu. Shemeji yangu huko Nyamira alipita vizuri, karatasi za visa zikachelewa, muda ukaisha, akalipa upya na kufanya upya. Kiingereza chake kilikuwa kimeoza, kama maziwa. Cha Mwingereza hakiozi.

Ndiyo maana kicheko cha 2021 kiliniuma. Tuliwacheka wauguzi kana kwamba wamepoteza kitu walichopewa. Ukweli ni kwamba Kiingereza walitumiwa kuchujwa nacho, tangu enzi za KAPE, na kila walipofika kizuizini kizuizi kikasogezwa. Hawakuwahi kupewa kile ambacho mgeni wa kwanza wa Michigan alipewa 1941: mtu wa kukubali kwamba hii ni lugha ya pili, au ya tatu, na kuifundisha hivyo, kwa subira, bila kumtia aibu.

Na bei tunailipa mara mbili. Sensa ya 2019 ilihesabu Abagusii zaidi ya milioni 2.7. Njoo Nairobi usikilize watoto wetu. Wazazi wamekata shauri: Ekegusii kisiguse mdomo wa mtoto, kisije kikamharibia Kiingereza. Mtoto anakua na Kiingereza cha shule na Sheng ya mtaa, na akienda kwa nyanya yake Desemba anakaa kwenye kochi akitabasamu. Miaka 20 baadaye akiomba chuo Ulaya au kazi London, watamtumia fomu ileile, ada ileile. Tarehe ya mwisho itakuwa palepale, miaka 2. Tofauti ni kwamba mwalimu wa huko akimuuliza lugha ya nyanya yake ina sauti gani, hatakuwa na cha kumwambia.