Safu za Karani na Ukoo wa Baharia: Namna ya Kusoma Orodha za Mabaharia wa Zanzibar, 1857–1913

1.0 Utangulizi

Familia nyingi za Unguja, Pemba na Mrima humkumbuka babu aliyekwenda baharini, lakini jina la meli yake limesahaulika. Pengo hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu orodha za mabaharia wa meli za biashara za Uingereza hazikuhifadhiwa kwa majina ya watu, bali kwa namba rasmi ya meli. Aidha, kati ya mwaka 1857 na 1913 Uingereza haikuwa na daftari kuu la mabaharia. Kwa kipindi hicho, mtafiti hutegemea mikataba ya kazi na orodha zilizoambatana nayo.

Nyaraka hizo zenyewe zimetawanyika. Takribani asilimia 70 ya orodha za miaka 1863–1938 zimo katika Chuo Kikuu cha Memorial, Newfoundland, nchini Kanada. Asilimia 10 zilibakizwa kama sampuli katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew. Na sehemu kubwa ya zile za miaka inayoishia na tarakimu 5 zimo katika makumbusho ya bahari ya Greenwich. Insha hii inajenga hoja kwamba kuzipata ni nusu ya kazi tu. Kila safu ya orodha ilijibu swali la mwajiri au la serikali, wala haikukusudiwa kujibu swali la ukoo. Asiyelijua swali hilo huweza kumpa mjukuu babu asiye wake.

2.0 Safu ya jina

Karani aliandika alichokisikia. Khamis huweza kuonekana kama Hamees au Hamis, na Abdallah kama Abdulla. Tatizo zito zaidi ni kudondoshwa kwa neno “bin”. Juma bin Ali akiandikwa “Juma Ally”, jina la baba yake hugeuka kuwa kama jina la ukoo. Mwanawe Salim, kwa desturi ya pwani, ni Salim bin Juma. Mtafiti anayewatafuta wana wa “Ally” atampita Salim bila kumtambua, kisha atamshika Ally mwingine ambaye hana nasaba naye.

Majina kama Mabruki, Baraka na Feruzi yanahitaji tahadhari ya namna nyingine. Watumwa wengi walipewa majina hayo, lakini waungwana pia waliyatumia. Jina peke yake si ushahidi wa hali ya mtu.

3.0 Safu ya asili

Baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869, na British India Steam Navigation kuanza safari za barua kati ya Aden na Zanzibar mwaka 1872, meli za moshi zilizidi katika bandari hiyo. Waafrika waliofanya kazi katika vyombo vya Waingereza mara nyingi waliitwa “Sidi”. Neno hilo liliwaweka chini ya paa moja Wayao, Wanyasa, Wazaramo na wengineo. Sidi Mubarak Bombay, msafiri mashuhuri aliyeongozana na Burton na Speke, anaonyesha jambo hilo ingawa hakujulikana kwa ubaharia: alikuwa Myao aliyepelekwa India utumwani, na jina lake likabeba mji wa ugenini badala ya kijiji alikozaliwa.

Vivyo hivyo, “Zanzibar” katika safu ya mahali pa kuzaliwa huweza kuwa kisiwa, mji, milki ya Sultani iliyofika hadi pwani ya bara, au bandari alikoajiriwa tu. Bendera nayo haithibitishi asili. Majahazi ya watu wa Sur, Oman, yalipeperusha bendera ya Ufaransa, hadi mgogoro ukafika mbele ya baraza la usuluhishi la The Hague, lililotoa uamuzi tarehe 8 Agosti 1905.

4.0 Maelezo ya mwili

Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890, uliolenga kukomesha biashara ya watumwa, ulibadilisha nyaraka za vyombo vya wenyeji. Kifungu cha 35 kiliagiza kwamba baharia mweusi asiajiriwe kabla ya kuhojiwa kama amekubali kazi kwa hiari. Ndipo aandikwe katika orodha, na kando ya jina lake yawekwe maelezo mafupi ya umbo lake. Kwa hiyo, sheria iliyodai baharia aelezwe kwa makini ilizaliwa na shaka kwamba huenda akawa mtumwa.

Hapa ndipo makosa huumiza familia. Kuandikwa katika orodha hiyo hakuthibitishi utumwa, kwani sharti liliwahusu mabaharia weusi wote wa vyombo hivyo. Wala jibu la “nimekubali” halithibitishi uungwana: watumwa wengi wa mjini Zanzibar walifanya kazi za ujira na kugawana malipo na mabwana zao. Hali ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar tarehe 6 Aprili 1897, lakini aibu yake haikufutwa kwa amri. Mtafiti hana ruhusa ya kumpa marehemu hali ambayo waraka haukuitaja.

5.0 Hitimisho

Safu inayodharauliwa ndiyo yenye msaada mkubwa zaidi: meli ya mwisho. Kila orodha humwelekeza mtafiti kwenye orodha iliyotangulia, na mlolongo huo ukishikamana, tofauti za tahajia hupungua uzito. Umri ulikisiwa mara nyingi, hivyo tofauti ya miaka michache isitumiwe kukataa wala kuthibitisha. Inapendekezwa kwamba maingizo mawili yasihesabiwe kuwa ya mtu mmoja hadi safu mbili zaidi ya jina zikubaliane, na masimulizi ya wazee yasipingane nazo. Masimulizi hayo yakusanywe kwanza, kwa sababu jina la meli, la nahodha au la bandari lililobaki kinywani mwa bibi ndilo litakalofungua sanduku la Newfoundland.