Msimbo Unaojiondokea: Historia Fupi ya Jinsi Keneli Inavyoamka

Leo naweka kando mambo ya tovuti na simu, niwaletee historia ya jambo dogo linalotokea ndani ya kompyuta kila unapobonyeza kitufe cha kuiwasha. Kama una mashine yenye Linux, fungua terminali uandike hivi:

dmesg | grep -i freeing

Mashine nyingine zitakutaka utangulize neno sudo. Utaona mstari mmoja au zaidi wenye maneno "Freeing unused", na mbele yake idadi ya kilobaiti. Kwa Kiswahili chetu keneli inasema: naachilia kumbukumbu nisiyoihitaji tena. Watu wengi huupita mstari huo bila kuutazama. Lakini ukiufuata nyuma utafika mwaka 1949, na ukiufuata mbele utajifunza kitu kuhusu usalama wa simu uliyo nayo mfukoni.

Kwanza tuelewane. Keneli ni kiini cha mfumo wa uendeshaji. Ndiyo inayogawa kumbukumbu (RAM), inayoamua programu gani ipate zamu kwenye prosesa, na inayoongea na diski, kibodi na kadi ya mtandao. Inapoamka ina kazi nyingi za mara moja tu: kuhesabu kumbukumbu iliyopo, kutambua aina ya prosesa, kupanga majedwali yake, kutafuta diski. Ikishahesabu kumbukumbu haihesabu tena hadi mashine izimwe na kuwashwa upya. Sasa swali ni hili: maagizo yaliyofanya kazi hizo yaende wapi baada ya kumaliza? Programu ya kawaida ikikaa bure, Linux inaweza kuihamishia diskini kwa muda. Keneli yenyewe haihamishwi hivyo. Kila baiti yake hukaa kwenye RAM mchana na usiku.

Huku kwetu Kabras mtu akijenga nyumba ya matofali, fundi husimamisha miti ya mikaratusi ili apande kujenga juu na kupiga plasta. Nyumba ikiisha, miti inatolewa. Mingine inakwenda kwenye ua, mingine inaishia jikoni kuwa kuni. Hakuna anayehamia nyumbani huku miti ya fundi ingali imesimama sebuleni. Lakini lazima ujue mti upi ni wa fundi na upi umeshika paa. Ukikosea hapo, utalala nje. Shika mfano huo, tutaurudia.

Tuanze Cambridge, Uingereza. Tarehe 6 Mei 1949 kompyuta iitwayo EDSAC, iliyojengwa na kikundi cha Maurice Wilkes, iliendesha programu zake za kwanza. Mashine isiyo na kitu ndani yake haiwezi hata kusoma programu, kwa hiyo kijana aitwaye David Wheeler aliandika maagizo 31 ya kuianzisha. Maagizo hayo yalifungwa kwa nyaya kwenye swichi za aina iliyotumika katika vituo vya simu. Ukibonyeza kitufe, yaliingizwa kwenye nafasi za mwanzo za kumbukumbu, kisha yakasoma programu yako kutoka kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa. Programu ikishaingia, kazi ya maagizo yale ilikuwa imekwisha, na nafasi yake ingeweza kuandikwa kitu kingine. Wazo lilikuwa limeshazaliwa: anzisha, halafu upishe.

Katika miaka ya 1960 na 1970, kwenye kompyuta kama PDP-8, mtu aliingiza maagizo ya kwanza kwa vidole vyake, swichi moja baada ya nyingine kwenye paneli ya mbele. Baadaye, enzi za MS-DOS, waandishi wa draiva walikuwa na desturi ya kuweka sehemu ya kuanzishia mwishoni kabisa mwa draiva. Ikishamaliza kazi, draiva iliiambia DOS: mwisho wangu ni hapa. Kilichobaki baada ya alama hiyo kilirudi kwenye matumizi mengine. Katika mashine ambayo programu zote ziligombania kilobaiti 640, kila kipande kilikuwa na thamani.

Sasa tuje kwa Linux. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alitoa toleo la 0.01 mwezi wa Septemba 1991 kwa ajili ya prosesa ya 386. Ndani yake mna faili iitwayo head.s, na humo kuna jambo la kuchekesha na la busara kwa pamoja. Msimbo wa kwanza kabisa ulianza kwenye anwani sifuri ya kumbukumbu, na anwani hiyohiyo ndiyo iliyopangiwa jedwali kuu la kurasa za kumbukumbu. Yaani keneli ilipokuwa ikiamka, iliandika jedwali juu ya maagizo ambayo ilikuwa imetoka kuyatekeleza! Torvalds aliacha onyo ndani ya faili ili anayesoma asishtuke. Mti wa fundi ulichomwa kuni fundi akiwa bado anashuka.

Ujanja wa namna hiyo unawezekana faili moja ikiwa na mwandishi mmoja. Keneli ilipokua, ikapata draiva nyingi na waandishi kutoka pande zote za dunia, ilihitaji utaratibu. Utaratibu huo ulikuja katika mfululizo wa majaribio wa 2.1, ulioanza mwaka 1996 na kuzaa Linux 2.2 Januari 1999. Mwandishi aliweza kuitia funksheni yake alama ya kusema "hii ni ya kuanzishia tu". Alama tunayoitumia hadi leo ni __init.

Inafanya kazi hivi. Ukiandika __init mbele ya funksheni, unaiambia kompaila isiiweke pamoja na msimbo wa kawaida, iitenge kwenye fungu liitwalo .init.text. Data za kuanzishia hutengwa kwenye .init.data. Kisha linka, ile programu inayounganisha vipande vyote kuwa keneli moja, hukusanya mafungu hayo kutoka kila pembe na kuyapanga mahali pamoja, kati ya alama mbili: __init_begin na __init_end. Mwishoni mwa kuamka, kabla tu ya kuanzisha programu ya kwanza ya mtumiaji, keneli huita funksheni inayoitwa free_initmem. Hii hupita kuanzia alama ya kwanza hadi ya mwisho na kurudisha kurasa zote za katikati, kila moja baiti 4096 kwenye kompyuta nyingi, ziwe kumbukumbu huru. Halafu inaandika ule mstari tuliouona. Uzuri wake ni kwamba keneli haina haja ya kukumbuka funksheni moja moja. Kilichotengwa pamoja kinaondoka pamoja.

Hapo bado kulikuwa na shida nyingine: nani anaita funksheni hizo, na kwa mpangilio upi? Zamani kulikuwa na orodha ndefu ndani ya msimbo, na kila aliyeleta draiva mpya alilazimika kuongeza mstari wake kwenye faili za pamoja. Kufikia Linux 2.4, iliyotoka Januari 2001, draiva iliweza kujiandikisha yenyewe. Unaandika module_init na jina la funksheni yako, linka inaweka anwani ya funksheni hiyo kwenye jedwali, na keneli inapoamka inapita jedwalini ikiita mmoja baada ya mwingine. Kufikia 2.6, iliyotoka Desemba 2003, jedwali lilikuwa limegawanywa kwa ngazi, kuanzia core hadi late, ili mwenye kutegemewa atangulie anayemtegemea. Na jedwali lenyewe? Nalo liko ndani ya kumbukumbu ya kuanzishia. Likishasomwa linaondoka na wengine.

Utaniuliza, haya yanatuhusu nini sisi? Tupige hesabu. Tuseme msimbo wa kuanzishia ni kilobaiti 200. Kwenye mashine ya megabaiti 8, hiyo ni karibu asilimia 2.4 ya kumbukumbu yote. Kwenye mashine ya megabaiti 4 ni karibu asilimia 5. Ukiwa na gigabaiti 16 hutaiona hata ukitafuta kwa tochi. Kwa hiyo anayefaidika na usafi huu ni yule mwenye mashine ndogo, na katika miaka hiyo mashine ndogo ndizo zilizotufikia sisi.

Kumbukeni hali ilivyokuwa. Shirika la Computer for Schools Kenya lilianza mwaka 2002, likikarabati kompyuta zilizokwishatumika na kuzipeleka mashuleni. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili. Kuanzia 2005 hadi 2011 Ubuntu iliwatumia watu CD bure kwa posta, na hilo lilikuwa jambo kubwa, kwani nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilianza kutuhudumia mwaka 2009 tu. Kabla ya hapo kupakua CD nzima ilikuwa ndoto. Juhudi zote hizi zilisimama juu ya dhana moja: kwamba kompyuta iliyotupwa na ofisi ya Ulaya bado inaweza kumfundisha mtoto. Dhana hiyo hubaki kweli pale tu ambapo anayeandika msimbo huko mbali anahesabu kilobaiti zake.

Ruta nazo ni hivyohivyo. Mradi wa OpenWrt ulianza mwaka 2004 kwenye ruta ya Linksys WRT54G, ambayo matoleo yake ya mwanzo yalikuwa na megabaiti 16 za RAM na megabaiti 4 za hifadhi. Ndani ya kisanduku hicho iliingia Linux kamili. Bila tabia ya kuondoa miti ya fundi, nafasi ingebana zaidi.

Lakini nilisema lazima ujue mti upi umeshika paa. Fikiria draiva iliyotia alama ya __init kwenye funksheni ambayo kumbe itaitwa tena baadaye, tuseme mtu akichomeka kifaa cha USB. Mashine itaamka vizuri kabisa. Itafanya kazi siku nzima. Siku ya tatu mtu anachomeka flashi, keneli inaruka kwenda kwenye anwani ya zamani, na pale pana data za programu nyingine. Mashine inaanguka, na aliyekuwa akiandika ripoti anapoteza kazi yake. Mdudu wa aina hii ni mgumu kumkamata kwa sababu kosa na maumivu yake yametengana kwa siku kadhaa.

Ndiyo maana katika mfululizo wa 2.6 chombo kiitwacho modpost, kwa kazi kubwa ya Sam Ravnborg, kilifundishwa kukagua keneli wakati wa kuijenga. Kikiona msimbo wa kudumu unarejelea msimbo wa kuondoka, kinatoa onyo. Kosa linakamatwa kwa mwandishi kabla halijamfikia mtumiaji.

Kulikuwa pia na alama ya pili, __devinit, kwa vitu ambavyo vingeondoka tu ikiwa mashine haikubali vifaa kuchomekwa ikiwa inawaka. Kadiri miaka ilivyopita karibu kila mashine ilikubali, hivyo alama ile haikuokoa kitu, ila iliendelea kuwachanganya waandishi na kuzaa makosa. Greg Kroah-Hartman na wenzake wakaing'oa, na Linux 3.8 ya Februari 2013 ikaaga nayo. Mimi naupenda uamuzi huo. Ubanaji wa kumbukumbu usioleta faida tena ni mzigo tu, na wanaoubeba ni binadamu.

Je, __init nayo itafuata? Siyo leo, kwa sababu imepata kazi ya pili. Msimbo uliokwisha kuondolewa hauwezi kutumiwa na mvamizi aliyeingia baadaye. Wazo hilohilo likaendelezwa: Linux 4.6 ya Mei 2016 ilileta alama __ro_after_init. Data yenye alama hii huandikwa wakati wa kuamka, kisha hufungwa isibadilishwe tena. Keneli ya Android ni Linux, kwa hiyo ulinzi wa jinsi hii unafika hata kwenye simu ya wakala wa M-Pesa pale Malava. Kilichoanza kama ubahili wa kilobaiti kimekuwa kufuli la mlango.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Msimbo wa __init ni mgeni wa ajabu: huingia na jembe lake mwenyewe, hulima, na kuondoka kabla ya chakula. Ninyi mnaojifunza kuandika programu, iwe Masinde Muliro au nyumbani kwenye kompyuta ya kuazima, jiulizeni kuhusu kila mnachopakia wakati programu inaanza: baada ya dakika moja, hiki bado kina kazi? Kama hakina, kiachilieni. Mahali fulani kuna mtu anayeendesha programu yako kwenye simu yenye gigabaiti moja ya RAM, na nafasi unayoishikilia bure ni yake.

Haya, nendeni mkaandike ile amri ya dmesg muone keneli zenu zimeachilia kiasi gani. Tukutane wiki ijayo.