Binti wa Mlinzi wa Reli

Katika mazungumzo haya tutaeleza habari za picha moja ya sinema iliyotengenezwa Bombay, Bara Hindi, mwaka 1936. Yaitwa Achhut Kanya, maana yake Msichana Asiyeguswa. Zamani picha za sinema zilikuwa bubu. Picha ya kwanza ya Bara Hindi iliyosema, Alam Ara, ilionyeshwa Bombay tarehe 14 Machi 1931. Baadaye picha za namna hiyo zilivuka bahari zikafika Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, na watu wengi wasiojua Kihindi walizipenda kwa nyimbo zake.

Kwanza yafaa tuijue desturi iliyozaa hadithi hii. Wahindu waligawanyika kwa matabaka, na kila mtu alikaa katika tabaka alimozaliwa. Wabrahmini walikuwa juu. Chini kabisa walikuwako watu walioitwa wasioguswa. Kuwagusa kulihesabiwa unajisi, na mahali pengi walikatazwa kuteka maji katika visima vya wengine au kuingia hekaluni.

Basi, Mohan, Mbrahmini mwenye duka, aliumwa na nyoka. Dukhia, mtu asiyeguswa, alikuwa mlinzi wa mahali ambapo barabara hukatana na reli. Yeye aliifyonza sumu kwa kinywa chake mwenyewe, akamponya. Tangu siku ile wakawa marafiki. Pratap mwana wa Mohan na Kasturi binti wa Dukhia wakakua pamoja, wakapendana. Lakini wanakijiji hawakuvumilia. Pratap akaozwa mke mwingine, na Kasturi akaozwa Mannu, mlinzi wa reli kama baba yake. Mwisho wanaume hao wawili walipigana penye reli, na gari la moshi lilikuwa laja. Kasturi akakimbia ili alisimamishe, naye akafa.

Picha hiyo ilitengenezwa na Bombay Talkies, kampuni iliyoanzishwa na Himansu Rai mwaka 1934, na mwongozaji wake alikuwa Mjerumani, Franz Osten. Aliyecheza kama Kasturi ni Devika Rani, mwanamke wa ukoo mkubwa, jamaa wa mshairi Rabindranath Tagore. Pratap alichezwa na Ashok Kumar, ambaye kwanza alikuwa mtumishi katika maabara ya kampuni hiyo.

Yatupasa kuuliza: mbona msichana afe? Waliotengeneza picha waliionyesha dhuluma, lakini hawakuthubutu kuwaoza wapendanao. Mwaka ule ule wa 1936 B. R. Ambedkar, mwanasheria aliyezaliwa miongoni mwa wasioguswa, aliandika kwamba dawa ya kweli ya matabaka ni watu kuoana bila kujali tabaka. Basi aliyedhulumiwa alisema wazi neno ambalo sinema ililiogopa. Baadaye Ambedkar aliongoza kamati iliyoandika katiba ya Bara Hindi, na katiba hiyo, iliyoanza tarehe 26 Januari 1950, ilipiga marufuku desturi ya kutoguswa. Hata hivyo sheria huandikwa kwa siku moja, na mioyo hugeuka polepole. Dharau hiyo haijakwisha.

Sisi wa Muze, chini ya milima ya Ufipa, tusidhani kwamba habari hizi ni za wenzetu tu. Wazee wa Ufipa husimulia juu ya wanawake watatu wageni waliofika Milansi, na kwa hao ukatoka ukoo wa Watwa uliotawala Nkansi na Lyangalile. Jana walikuwa wageni njiani. Kesho yake watoto wao wakapigiwa magoti. Kumbe cheo cha ukoo kina mwanzo, na kilicho na mwanzo kimefanywa na watu.

Kwa hiyo mzazi akiletewa posa, asiulize kwanza mchumba ni wa mlango gani. Na aulize kama ana bidii, adabu na huruma. Dukhia hakuuliza ukoo wa mtu aliyeumwa na nyoka.