Basotu: Sekondari ilipotoka bwenini ikaja kijijini

Kila mwisho wa mwaka, TAMISEMI inapotangaza majina ya waliochaguliwa kujiunga na kidato cha kwanza, nyumba nyingi za Basotu, wilayani Hanang, huingia katika hekaheka. Mahindi yanauzwa, mbuzi anapelekwa mnadani, sweta na viatu vyeusi vinatafutwa. Fomu ya kujiunga na shule inasomwa na yule mwanafamilia anayesoma vizuri kuliko wenzake. Shule zikifunguliwa Januari, hekaheka inatulia, na mzazi anarudi shambani au kwenye mifugo akiamini yake ameyamaliza.

Imani hiyo haitokani na uzembe. Ni urithi wa enzi ambayo sekondari haikumhitaji mzazi ajue lolote.

Enzi ya waranti

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na sekondari 41 tu, zenye wanafunzi wasiofika 12,000 nchi nzima. Iliyojulikana zaidi, Shule ya Tabora, Waingereza waliianzisha mwaka 1925 kwa ajili ya watoto wa machifu. Mwaka 1962 ubaguzi wa rangi uliondolewa kisheria mashuleni, na muda si mrefu ada ikafutwa katika sekondari za serikali. Lakini mlango ulibaki mwembamba kwa makusudi: serikali ilihesabu mahitaji ya taifa ya makarani, wauguzi, walimu na mabwana shamba, kisha ikachagua watoto kulingana na hesabu hiyo.

Aliyechaguliwa alipewa waranti ya safari, akapanda basi au treni, akapokelewa katika bweni la mkoa mwingine. Chakula, vitabu na matibabu vilikuwa juu ya serikali. Mzazi alimwona mwanawe wakati wa likizo. Kazi yake ilikuwa kumkabidhi, basi.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, na kufikia mwaka 1977 madarasa ya shule za msingi yalifurika. Sekondari hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Darasa la saba likawa mwisho wa safari kwa wengi mno.

Basotu ya miaka hiyo ilikuwa na sura mbili. Shirika la NAFCO, likisaidiwa na Kanada, lililima ngano katika mashamba makubwa saba ya Hanang, jumla ya ekari 100,000 hivi, sehemu kubwa ikiwa malisho ya zamani ya Wabarabaig. Matrekta na mitambo ya kuvunia ilifika hadi ukingoni mwa Ziwa Basotu. Ila mtoto wa mfugaji aliyetaka kidato cha kwanza alilazimika kwenda kukitafuta mbali na kwao.

Tofali la mwanakijiji

Mabadiliko makubwa yalikuja na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulioanza mwaka 2004. Kaulimbiu ilikuwa kila kata iwe na sekondari yake. Edward Lowassa alipokuwa Waziri Mkuu, kuanzia mwishoni mwa mwaka 2005, agizo hilo lilisimamiwa kwa mkono wa chuma. Wanavijiji walichanga fedha, wakafyatua matofali, wakasomba mawe na mchanga hadi maboma yakasimama. Serikali ikaleta mabati na walimu.

Takwimu zinaeleza kasi yenyewe. Mwaka 2005 nchi ilikuwa na sekondari 1,745 zenye wanafunzi 524,325. Mwaka 2009 sekondari zilikuwa 4,102, na wanafunzi 1,466,402. Idadi ya wanafunzi ilikaribia kuongezeka mara tatu kwa miaka minne.

Shule zilitangulia, walimu wakafuata nyuma. Watu waliziita yeboyebo, na waliomaliza kidato cha sita wakapelekwa kufundisha baada ya mafunzo ya wiki chache waliitwa voda fasta. Maabara ilikuwa ndoto. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yaliishtua nchi: watahiniwa zaidi ya 240,000, karibu sita katika kila kumi, walipata sifuri. Serikali iliyafuta, yakapangwa upya na kutangazwa tena Mei.

Kilichobadilika zaidi ya idadi ni nafasi ya mzazi. Mwanafunzi wa kutwa hana bweni wala waranti. Anarudi nyumbani jioni, anakuta ng'ombe wanamsubiri, maji hayajatekwa na taa haina mafuta. Saa za kujisomea, ambazo zamani zililindwa na kengele ya bweni, sasa zimo mikononi mwa baba na mama. Mzazi amekuwa sehemu ya shule bila kuelezwa shule inavyokwenda.

Mtihani wa kidato cha pili

Kizingiti cha kwanza ni mtihani wa kidato cha pili. Mtihani huu ulianza mwaka 1984. Mwaka 2008 masharti yalilegezwa, walioshindwa wakaruhusiwa kuendelea, na baada ya miaka michache sharti likarudi: asiyefikia kiwango hukariri darasa. Mzazi anayesubiri hadi kidato cha nne ndipo aanze kufuatilia amechelewa miaka miwili.

Kizingiti cha pili ni kidato cha nne, na hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa. Kwa utaratibu uliozoeleka, alama 75 na kuendelea ni A, 65 hadi 74 ni B, 45 hadi 64 ni C, 30 hadi 44 ni D, na chini ya hapo ni F. A ina pointi moja, B mbili, C tatu, D nne, F tano. Baraza la Mitihani, NECTA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, huchukua masomo saba aliyofanya vizuri zaidi na kujumlisha pointi. Saba hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne. Zaidi ya hapo ni sifuri. Kwa hiyo pointi chache ndizo ushindi, kinyume na wanavyodhani wengi wanaoiona karatasi kwa mara ya kwanza.

Chukua mwanafunzi mwenye B ya Kiswahili, C ya Historia na D katika masomo mengine matano. Jumla ni pointi 25, daraja la tatu. Nyumbani watashangilia, lakini kidato cha tano hakipati, kwa sababu sifa ya kuchaguliwa ni angalau krediti tatu, yaani masomo matatu yenye A, B au C, naye anazo mbili. Daraja peke yake halitoshi. Tazama krediti, kisha uulize kama zinaunda tahasusi, ile michepuo ya masomo matatu kama PCB, HGL au EGM.

Lugha ya tatu

Tangu mwaka 1967 shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, na sekondari zimeendelea na Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kiingie sekondari, serikali haikukubali. Kwa mtoto wa Basotu anayezungumza Kidatoga au Kiiraqw nyumbani, Kiingereza ni lugha ya tatu, na Januari ya kidato cha kwanza anatakiwa ajifunze Biolojia kwa lugha hiyo. Akishika mkia muhula wa kwanza, usikimbilie kumwita mjinga.

Mzazi asiyejua Kiingereza bado ana la kufanya. Afungue daftari la Hisabati na kutazama tarehe pamoja na wino mwekundu. Kama zoezi la mwisho lililosahihishwa ni la tarehe 12 Februari na leo ni mwisho wa Machi, ama mtoto haingii darasani au mwalimu hafiki. Yote mawili ni hoja ya kupeleka kwa mwalimu wa darasa, na isipopata jibu, kwa mkuu wa shule au wajumbe wa bodi.

Nani analipa nini

Ada ya sekondari ilirudi miaka ya 1980. Hadi mwaka 2015 ilikuwa Sh20,000 kwa mwanafunzi wa kutwa na Sh70,000 kwa wa bweni. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliifuta hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na mwaka 2022 ikafutwa kwa kidato cha tano na sita. Waraka Namba 3 wa mwaka 2016 ulifafanua kilichobaki kwa mzazi: sare, madaftari, matibabu, na chakula cha mwanafunzi wa kutwa. Debe la mahindi na maharage kwa ajili ya mlo wa mchana hupangwa kwa makubaliano ya wazazi wenyewe. Asiyekwenda kikaoni atapangiwa na waliokwenda.

Sheria nayo imekaza. Tangu mwaka 2016, anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30. Na tangu Novemba 2021, msichana aliyekatisha masomo kwa sababu ya ujauzito anaruhusiwa kurudi shule. Mzazi wa Basotu anapaswa kuyajua yote mawili kabla mahari haijatajwa.

Mtaala nao umebadilika. Tangu Januari 2024 kidato cha kwanza kina mkondo wa jumla na mkondo wa amali, na elimu ya msingi inapunguzwa hadi miaka sita. Mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja, hivyo Januari 2028 sekondari za kata zitapokea mikupuo miwili kwa wakati mmoja. Madarasa, madawati na walimu vya mwaka huo vinapaswa kuzungumzwa sasa.

Wazazi wa Basotu walioitwa kufyatua matofali waliitika. Kikao cha kwanza cha wazazi kikiitishwa, nendeni mkaulize mambo matatu: masomo gani hayana mwalimu, watoto wangapi walikariri kidato cha pili mwaka uliopita, na wangapi walipata krediti tatu. Shule mliijenga wenyewe. Majibu hayo ni haki yenu.