Mawazo ya Mtu Asiye na Ocha

Muulize mzee wa Makina kama ni mgonjwa wa akili, atakukata jicho. Muulize kama ana mawazo, atakuvutia stuli. Neno hilo limebeba kukosa usingizi, kifua kizito na moyo kwenda mbio. Na ukisikiliza vizuri, utakuta mawazo mengine yana tarehe.

Mababu wa Wanubi wa Kibera walikuwa askari wa Kisudani katika jeshi la Mwingereza, King's African Rifles. Walipewa mahali pa kukaa kwenye msitu walioita Kibra, na mwaka 1918 serikali ikatangaza eneo hilo, zaidi ya ekari 4,000, kuwa hifadhi ya kijeshi. Hati hawakupewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Tume ya Carter iliwahesabu kuwa wapangaji wa Taji tu, watu wanaokaa kwa hisani.

Sasa linganisha na Kawangware. Mkoloni alipanga Nairobi iwe mji wa kazi, si wa kuzeekea: kipande shingoni, nguvu zikiisha rudi rizavu. Fikra hiyo bado tunayo. Buda wa Kawangware aliyetoka Vihiga akichoshwa na kodi ya nyumba, anajituliza kwamba siku moja ataenda ocha. Huenda shamba limeshagawanywa, huenda wanawe hawashiki simu, lakini jina la kijiji analo. Shosho wa Kinubi hana pengine. Ocha yake ni hapo hapo Kibra, penye makaburi ya wazazi wake. Tingatinga likinguruma, linamtoa kwao.

Juni 2017, Rais Uhuru Kenyatta alikabidhi jamii hiyo hati ya ekari 288. Wengi waliokuwa wameisubiri walikuwa wameshazikwa. Julai 2018 matingatinga yaliingia Kibera tena, safari hii kupisha barabara.

Leo Inua Jamii humpa mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Lakini lazima awe na kitambulisho, na Wanubi kwa miaka mingi walihojiwa na kamati kabla ya kupewa chao. Kliniki inaweza kumpa mzee dawa ya usingizi, na ni vizuri aipate. Ila hofu ya kufukuzwa ilirithiwa kabla yeye hajazaliwa.

Kwa hivyo shosho akirudia kwa mara ya kumi hadithi ya babu yake askari, usiseme ni uzee tu. Anatoa ushahidi. Mvumilie, na ukiweza, uandike.