Bao katika Dodoma na Kanda ya Kati

Bao ni mchezo wa mkakati wa watu wawili wanaopokezana zamu, kila mmoja akijaribu kumla mwenzake kete hadi safu yake ya mbele ibaki tupu. Kitovu chake ni Zanzibar na mwambao, lakini kwa zaidi ya karne moja umekuwa pia mchezo wa bara, na Dodoma ni mojawapo ya miji ambako mtu mzima hukuta mchezaji mwenzake bila kutafuta sana. Kati ya michezo ya jadi ya Afrika Mashariki, huu ni miongoni mwa ile yenye kanuni nzito zaidi, na wataalamu wameuchunguza kwa kina.

Ubao na kete

Ubao una mashimo 32 katika safu nne za mashimo manane, na kete ni 64. Kila mchezaji ana safu mbili, ya mbele na ya nyuma. Mashimo ya miisho ya safu ya mbele huitwa vichwa, na yanayofuatia vichwa huitwa vimbi. Shimo la tano kutoka kushoto kwa mchezaji ni nyumba, na mara nyingi fundi hulichonga kwa umbo la mraba ili lijitofautishe na mengine ya duara. Pwani kete ni mbegu za mkomwe, ngumu na laini kwa kushika. Bara ambako mkomwe ni adimu, kokoto hufanya kazi hiyo hiyo, na pasipo ubao mashimo huchimbwa ardhini.

Namna ya kucheza

Bao la Kiswahili lina awamu mbili. Ya kwanza ni kunamua. Kila mchezaji huanza na kete kumi ubaoni, sita ndani ya nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo kulia kwake. Zilizobaki, 22, hukaa mkononi, na kila zamu huingizwa moja. Kete zikiisha mkononi kwa wote wawili, unaanza mtaji, ambapo mchezaji huchota kete zilizo ubaoni, kutoka shimo lenye mbili au zaidi.

Kula ni hivi. Mchezaji anayenamua huweka kete katika shimo lake la mbele lenye kitu, linalotazamana na shimo la mpinzani lenye kitu pia. Kete za mpinzani katika shimo hilo huchotwa zote na kusambazwa moja moja kwenye mashimo ya mlaji, kuanzia kichwani. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete nyingine na linalotazamana na mawindo, anakula tena. Ikiangukia shimo lenye kete bila mawindo mbele yake, anachota zote zilizomo na kuendelea. Ikiangukia tupu, amelala, na zamu ni ya mwenzake. Zamu moja huweza kuzunguka ubao mara kadhaa, ikabadili sura ya mchezo mzima kabla mkono haujatulia.

Huliwa safu ya mbele tu. Nyuma ni salama, na mwanagenzi akishalijua hilo hukimbilia kurundika kete nyuma. Ni kosa linalomgharimu, maana mbele pakiwa tupu mchezo umekwisha, hata kama nyuma pamejaa. Anayefungwa hivyo wakati bado ana kete za kunamua amefungwa mkononi, na watazamaji hawaachi kumkumbusha.

Kula si hiari. Mwenye nafasi ya kula lazima ale, na asiyekuwa nayo hutakasa, yaani husambaza kete zake mwenyewe bila kula. Kanuni hii moja ndiyo inayoubeba mchezo wote, na umuhimu wake huonekana tangu hatua ya kwanza. Kwa mpangilio wa mwanzo, hakuna shimo lenye kete la mchezaji mmoja linalotazamana na shimo lenye kete la mwenzake, hivyo anayeanza analazimika kutakasa. Tuseme anaweka kete katika shimo lake la saba kutoka kushoto. Lilikuwa na mbili, sasa zimekuwa tatu. Anazichota na kwenda kushoto: moja shimo la sita, moja nyumbani, moja shimo la nne. La nne lilikuwa tupu, kwa hiyo analala. Lakini shimo hilo la nne linatazamana na nyumba ya mpinzani. Sasa mpinzani lazima ale, na pa kulia ni pamoja tu. Ataweka kete katika nyumba yake, atakula ile kete moja, kisha ataiweka kichwani, kushoto au kulia, na kwa kuwa vichwa vyote viwili ni vitupu, italala hapo hapo. Anayeanza ametoa kete moja, na kwa bei hiyo ameipanga zamu nzima ya mwenzake, isipokuwa uchaguzi wa upande.

Nyumba ina hadhi ya pekee. Ikiwa bado haijavunjwa na ina kete sita au zaidi, mlaji ambaye kete yake ya mwisho imefika hapo pasipo mawindo anaweza kulala, au anaweza kusafiri, yaani kuzichota zote na kuendelea. Akisafiri mara moja, nyumba imekwisha na shimo hilo linakuwa kama mengine. Uamuzi wa lini kusafiri ndio mgumu kuliko yote katika awamu ya kunamua. Nyumba iliyonenepa hadi kete kumi na kitu ni akiba kubwa, na papo hapo ni windo kubwa, kwa sababu mpinzani akipata njia ya kufika mbele yake ataila yote kwa mkupuo mmoja. Wachezaji waoga huisubirisha hadi ikaliwa. Wenye pupa huivunja mapema, kisha hukosa pa kulala wakati wanapohitaji kulala.

Katika mtaji hesabu hubadilika. Shimo lenye kete zaidi ya 15 haliwezi kuanzisha ulaji. Kuna pia kutakasia: mchezaji akitakasa na kuacha shimo moja tu la mpinzani likiwa hatarini, huku mpinzani hana pa kula, shimo hilo hufungwa na mwenyewe haruhusiwi kulichezesha ili kulinusuru. Kanuni hiyo ina vighairi vyake, na ni mojawapo ya zinazozua ubishi mkubwa kuliko nyingine mahali wachezaji wa miji tofauti wanapokutana.

Ubingwa

Uchunguzi mkubwa zaidi wa ubingwa wa bao ni wa Mholanzi Alexander de Voogt, aliyewachunguza mabingwa wa Zanzibar na kuwasilisha tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Leiden mwaka 1995. Alitaka kujua bingwa huona nini ambacho mchezaji wa kawaida hakioni. Bao lina ugumu usiopatikana katika sataranji: hatua moja hubadilisha mashimo mengi kwa pamoja, hivyo mchezaji hana vipande vilivyotulia vya kuegemea anapofikiri mbele. Ni lazima ausambaze ubao kichwani, shimo kwa shimo, hadi kete ya mwisho ilale, ndipo aanze kufikiria jibu la mwenzake. De Voogt alichunguza pia bao linalochezwa bila kuutazama ubao, jambo ambalo mtu asiyejua mchezo huu angedhani haliwezekani.

Wanaocheza vizuri wanakubaliana katika mambo machache. Hesabu ni sharti, lakini haitoshi. Mchezaji hodari huanza kwa kuuliza mpinzani atalazimika kula wapi, kisha ndipo anatafuta kete yake ya kuweka. Hujali zaidi idadi ya njia alizo nazo mbele kuliko jumla ya kete zake, maana mwenye kete 40 na njia moja yuko taabani kuliko mwenye kete 24 na njia tano. Na hulinda vimbi na vichwa vyake, kwa sababu kete zilizoliwa hapo husambazwa kuanzia kichwa cha upande huo huo, na mlaji hana hiari ya kuchagua upande.

Mwendo nao ni sehemu ya ubingwa. Bao la wakubwa huchezwa upesi, kete zikidondoka kwa mlio ulio sawa, na mpinzani anatakiwa afuate kwa macho ili aone kama usambazaji umekwenda sawa. Anayesita sana hutoa siri yake, kwa kuwa anaonyesha ni wapi pamemsumbua.

Historia katika Kanda ya Kati

Michezo ya mashimo na kete ni ya kale barani Afrika, na Wasukuma wana isolo, mchezo wao wa safu nne. Bao la Kiswahili lenye nyumba na kunamua huenda lilikuja Kanda ya Kati na watu wa njia kuu ya misafara. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilipita Ugogo ikitoka Bagamoyo kwenda Tabora. Baada ya Mpwapwa ilikabili ukame wa Marenga Mkali, kisha ikalipa hongo kwa watemi wa Wagogo ili iruhusiwe maji na njia, kabla ya kuingia Mgunda Mkali. Misafara ililazimika kukaa kambini ikingoja mashauri ya hongo yaishe, na miongoni mwa wapagazi na waungwana wa pwani huenda walikuwamo wachezaji.

Reli ya kati iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914 iliifanya Dodoma kituo na mji, ikaleta mafundi, makarani na wafanyabiashara kutoka kila upande. Mwaka 1973 chama tawala cha TANU kiliamua makao makuu ya serikali yahamie Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa mwaka huo. Uhamaji wenyewe ulisuasua hadi mwaka 2016, serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi, na mwaka 2018 Dodoma ikatangazwa jiji. Kila wimbi limeongeza wachezaji waliojifunza mahali pengine, ndiyo maana katika Dodoma ni kawaida kabla ya mchezo kuanza watu kukubaliana kwanza wanacheza kwa kanuni zipi.

Rais Julius Nyerere, ambaye uamuzi wa 1973 ulipita chini ya uongozi wake, alikuwa mpenzi mkubwa wa bao, na picha zake akiwa ameinamia ubao zinafahamika nchini kote. Zanzibar, Rais Abeid Amani Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972 katika makao makuu ya chama cha Afro-Shirazi (ASP), Kisiwandui, na masimulizi yanayojulikana zaidi yanasema alikuwa akicheza bao.

Katika Kanda ya Kati bao huchezwa pia Kondoa na Singida, si Dodoma peke yake.

Aina nyingine

Bao la kujifunza huanza na kete mbili katika kila shimo, bila nyumba wala kunamua, na hufaa watoto. Bao la Kiarabu, liitwalo pia hawalis, linajulikana Zanzibar na Oman. Malawi wana bawo, ndugu wa karibu sana wa bao la Kiswahili.

Bao na michezo ya kompyuta

Michezo ya mkakati ya zamu kwenye kompyuta, ambayo mchezaji huteka sayari au mabara hatua kwa hatua, ilishika kasi Marekani katika miaka ya 1990. Master of Orion ya kuteka anga za juu ilitoka mwaka 1993, na neno la kiufundi linalotumika hadi leo kwa aina hiyo ya michezo lilianzia katika makala iliyoandikwa juu yake. Kiswahili kiliingia katika ulimwengu huo kwa njia ya muziki: Civilization IV ya mwaka 2005 hufunguliwa na “Baba Yetu”, Sala ya Bwana kwa Kiswahili iliyotungiwa muziki na Christopher Tin. Mwaka 2011 wimbo huo ukawa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta kupata tuzo ya Grammy.

Bao lenyewe liliandikiwa programu na watafiti wa Chuo Kikuu cha Maastricht, Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk, waliochapisha kazi yao mwaka 2002. Idadi ya mipangilio inayowezekana ubaoni ni namba yenye tarakimu zaidi ya ishirini. Siku hizi kuna programu za bao kwenye simu pia, lakini nyingi zinazobeba jina la Mancala ni za mchezo wa safu mbili, ambao mchezaji wa bao la Kiswahili huumaliza kuujifunza kwa dakika chache na kuuacha.

Hali ya sasa

Vijiweni Dodoma bao linashindana na drafti, ambayo ubao wake ni kipande cha mbao kilichochorwa na kete zake ni vizibo vya soda, hivyo haina gharama na hujifunzwa kwa siku moja. Bao huhitaji fundi wa kuchonga na mwalimu mwenye subira. Wachezaji wengi ni wanaume wa makamo na wazee, na hukutana jioni au mwisho wa juma chini ya miti ya mwarobaini. Ubao mzuri wa mninga hudumu miaka mingi, na hurithiwa.