Kabla ya Kufuta Windows ya Zamani, Uliza Nani Ameshika Geti

Wasee, tangu Oktoba 2025 kuna swali moja ambalo naulizwa karibu kila wiki hapa Daraja Mbili. Mtu ana laptopu yenye mifumo miwili, Windows 10 na Linux, au Windows mbili za umri tofauti. Anataka kutoa ule wa zamani. "Si nafuta tu hiyo sehemu?" Jibu langu ni hapana. Hufuti tu. Na sababu yake si uchawi wa kompyuta, ni historia ya zaidi ya miaka 40 ambayo mafundi wengi hawakufundishwa. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, na mpaka naondoka hakuna aliyekuwa ametusimulia hii hadithi. Basi leo naisimulia.

Kwanza, kwa nini swali limekuwa nyingi hivi? Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10. Si mara ya kwanza. Windows XP ilifungiwa tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Tofauti ni kwamba Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai prosesa ya karibuni na chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0. Sasa wewe uliyenunua laptopu iliyotumika ng'ambo, ikaja hapa na mikwaruzo yake, unaambiwa mashine yako haifai. Ndiyo maana watu wakaweka Linux kando ya Windows 10, wakaizoea, na leo wanataka nafasi yao irudi. Diski ya GB 256 ikigawanywa mara mbili inakuwa kama shamba la Kisii: babu alikuwa na ekari, wana wakagawana, wajukuu wakagawana, na sasa kila mtu ana nafasi ya nyumba na migomba mitatu.

Shikilia hiyo picha ya shamba, tutaihitaji.

Twende 1981. Mwezi wa Agosti IBM ilitoa kompyuta yake ya kwanza ya mezani, ile iliyozaa ukoo wa kompyuta nyingi tunazotumia leo. Haikuja na diski ya ndani. Mfumo endeshi ulikaa kwenye diski laini ya kuchomeka. IBM iliorodhesha mifumo mitatu ambayo mnunuzi angeweza kutumia: PC DOS iliyotoka Microsoft, CP/M-86 ya Digital Research, na p-System ya Chuo Kikuu cha California, San Diego. Bei ziliamua mshindi mapema, kwa sababu PC DOS iliuzwa dola 40 na CP/M-86 dola 240. Lakini ona jambo moja. Wakati huo kuondoa mfumo wa zamani kulikuwa kazi ya mkono tu. Unachomoa diski, unaiweka kwa droo, basi.

Mambo yakabadilika Machi 1983. IBM ikatoa PC XT, yenye diski ngumu ya ndani ya MB 10. Leo hizo ni picha chache tu za simu, lakini wakati huo lilikuwa shamba kubwa. Swali likaja: kama mtu anataka mifumo zaidi ya mmoja kwenye diski moja, itakuwaje? Jibu likawekwa kwenye kipande cha kwanza kabisa cha diski, chenye baiti 512. Baiti 64 zilikuwa hati ya mipaka, na hati hiyo ilikuwa na nafasi ya ploti nne. Baiti 2 zilikuwa alama ya uhakika. Baiti 446 zilizobaki zilikuwa za kaprogramu kadogo ambako kompyuta hukasoma kwanza ikiwashwa.

Hapo ndipo mgogoro wote ulipozaliwa. Ploti nne, geti moja. Waliobuni hati ile walitarajia majirani, wakawapimia mipaka. Lakini soja wa geti ni mmoja, na yeyote anayemwajiri ndiye anayeamua nani aingie.

Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, akaanzisha Linux. Wengi walioitaka walikuwa tayari na DOS au Windows kwenye diski, na hawakutaka kutupa kazi zao. Zikaja programu za kusimama getini na kuuliza, "Unaenda kwa nani?" LILO ilikuja 1992, na GRUB ikaanza 1995. GRUB ndiyo ile orodha nyeusi unayoiona ukiwasha Ubuntu mpaka leo. Windows yenyewe haikuwa na tabia ya kuuliza. Ukiiweka baada ya Linux, ilimfukuza soja aliyekuwepo na kuweka wake, kimya kimya. Linux ilikuwa bado iko palepale, hakuna faili hata moja iliyopotea, lakini mwenyewe anaona imefutwa kwa sababu hakuna wa kumfungulia.

Mnadhani natia chumvi? Kuna kesi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Be ilikuwa na mfumo unaoitwa BeOS. Hitachi ya Japani ikauza kompyuta zenye Windows na BeOS pamoja. Lakini mnunuzi akiwasha, anaingia Windows moja kwa moja. BeOS imo ndani ya diski, imelipiwa, ila haionekani mpaka ufuate maelekezo ya kuifungua. Be ilidai kuwa masharti ya leseni ya Microsoft ndiyo yaliyowazuia watengenezaji kuonyesha mfumo wa pili. Ikashtaki mwaka 2002, na mwaka 2003 Microsoft ikakubali kulipa dola milioni 23.25 kumaliza kesi, bila kukiri kosa. Kufikia hapo Be ilikuwa imeshauza mali yake. Kampuni nzima ilikuwa na nyumba, ikakosa geti.

Baadaye geti lenyewe likajengwa upya. Intel ilikuwa imebuni njia mpya ya kuwasha kompyuta, na mwaka 2005 kazi hiyo ikakabidhiwa muungano wa kampuni nyingi, ikaitwa UEFI. Windows 8 ilipotoka 2012, njia hii ikawa ndiyo kawaida kwenye laptopu mpya. Sasa kuna sehemu ndogo ya diski iliyotengwa kwa ajili ya masoja, kila mfumo na folda yake, na orodha ya majina yao imehifadhiwa kwenye bodi ya kompyuta. Na ploti si nne tena, Windows inaruhusu hadi 128. Ni mpango wa haki zaidi. Lakini ukibomoa nyumba, soja wake hajui. Anabaki getini akiita watu kwa nyumba ambayo haipo.

Mwaka huu nilimwona dada mmoja wa chuo akitoka kwa kibanda cha fundi na laptopu mkononi, macho mekundu. Alitaka Linux itolewe abaki na Windows. Fundi akafuta ploti ya Linux, akawasha, ikaja skrini nyeusi yenye neno "grub" na mstari unaopepesa. Akasema diski imekufa. Akafomati yote. Utafiti wa dada ulikuwa upande wa Windows, mzima, haujaguswa. Diski haikuwa imekufa. Soja wa Linux alikuwa tu anatafuta nyumba iliyobomolewa, na dakika chache za kumweka soja wa Windows mbele zingetosha. Miezi ya kazi ilikwenda hivyo, kwa sababu mtu hakujua nani ameshika geti.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: mfumo wa zamani hautolewi kwa kuanza na kufuta. Kufuta ni hatua ya karibu na mwisho.

Anza kwa kunakili kazi zako kwenye diski ya nje. Na kama kuna programu ya hesabu za duka inayofungua kwa Windows ya zamani pekee, toa rekodi zake kwanza kwa namna ambayo mfumo unaobaki utaweza kuzisoma. Kama Windows yako imefungwa kwa BitLocker, tafuta ule ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya kugusa chochote, kwa sababu ukibadilisha mambo ya geti inaweza kuudai.

Pili, mpe mfumo unaobaki geti lake. Kwa mashine za UEFI, ingia kwenye mipangilio ya bodi uweke "Windows Boot Manager" au "ubuntu" juu ya orodha, kulingana na unayebaki naye. Kwa Windows mbili kwenye mashine za kizamani, chunga sana: mara nyingi ile mpya inawashwa na faili zilizo kwenye ploti ya ile ya zamani. Fungua Disk Management uangalie. Microsoft ina kichekesho chake hapa. Ploti iliyoandikwa "System" ndiyo yenye geti, na iliyoandikwa "Boot" ndiyo yenye nyumba. Kama "System" iko kwa ile unayotaka kutoa, usiifute mpaka uhamishe geti kwa amri ya bcdboot.

Tatu, zima na uwashe. Ikiingia yenyewe bila kupitia orodha ya yule wa zamani, sasa futa ploti, panua yako, kisha ondoa jina la marehemu kwenye orodha. Kwa Windows tumia msconfig, kwa Ubuntu endesha update-grub. Jina likibakia kwenye bodi ya UEFI, efibootmgr ya Linux italitoa.

Mashine hizi tunazonunua zimetumika tayari, na zinakuja na mipaka iliyochorwa na watu wengine. Fundi akikwambia "nafuta tu dakika mbili", muulize swali moja kabla hujampa laptopu: nikifuta huyu, huyu mwingine atafunguliwa na nani? Akishindwa kujibu, beba mashine yako uende.